Vitanda vya Umandeni

Tangu nipate akili zangu sijapitwa na adhana ya alfajiri hata siku moja. Naisikia yote, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimejifunika shuka gubigubi, na ikisha namalizia usingizi wangu. Kwa hiyo nikiandika habari za kuamka mapema, mjue anayewaandikia ni bingwa wa upande wa pili. Na hata safari yenyewe sikwenda mimi. Alikwenda Mwantumu binti Sefu, mshonaji wa uchochoro wa nyuma ya kwangu, nami nasema alivyoona yeye.

Mwantumu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na thelathini katika hiyo alikuwa ameikalia nyuma ya cherehani. Sukari ilimwingia kama mgeni asiyepiga hodi. Siku moja sindano ilimdondoka, ikamchoma kidole gumba cha mguu wa kushoto, naye hakujua mpaka alipoona damu kwenye gauni la bibi harusi. Daktari wa zahanati akamgongagonga nyayo, akamwambia bila kuzunguka, "Mama, mguu huu unalala. Tembea kila alfajiri, mwendo wa haraka, mpaka jasho likutoke. Usipouamsha wewe, mwakani tutaukata sisi."

Mwantumu akaapa. Aliapa Jumatatu, akaapa tena Jumatatu ya pili. Ukaja Ramadhani, akasema ataanza Mfungo Mosi. Ukaja Mfungo Mosi, akasema mvua. Alinunua raba akazipanga mlangoni tayari kwa kesho, na kesho ikachelewa hata kuku akatagia kwenye raba ya kulia. Kidole nacho kikazidi kufa, kikawa baridi kama jiwe la mtoni.

Ndipo aliposikia habari za Umandeni, nchi ambayo watu wake wote, mtoto na kikongwe, hufanya mazoezi kila alfajiri na hajakosa hata mmoja. Akasema huko ndiko, maana tabia njema huambukiza. Njia aliyopita siielezi. Anayeulizia sana njia hataki kufika.

Alifika mchana wa jua kali. Mji ulikuwa safi, umefagiliwa, na kimya. Milango ya nyumba ilikuwa mipana ajabu, kama ya ghala la pamba, na kando ya kila mlango kulikuwa na kibao kinachosema HAJAKOSA. Mwenyeji aliyepangiwa aliitwa Bi Sikudhani, mwanamke mwenye mabega ya mpagazi na sauti ya kushiba. Alimpokea akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu kilichosogezwa hadi kizingitini. Miguu yake imelazwa juu ya mto, miwili, laini, myembamba, nyayo hazina ufa hata mmoja. Ungesema ni vitoto pacha vimelazwa baada ya kunyonya.

"Karibu, shoga," alisema. "Samahani siinuki. Sisi huku tulishainuka."

Mwantumu alidhani ni mzaha wa kienyeji, akacheka kwa adabu.

Alfajiri ya kwanza mbiu ya pembe ililia. Milango ya mji mzima ikafunguka kwa pamoja, na hakuna aliyetoka. Bi Sikudhani alikuwa anakoroma. Mwantumu akajitahidi, akasogea mlangoni, akachungulia. Mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja mkubwa wa majani, mweupe kwa umande, hauna mtu, hauna hata mbwa. Kisha umande ukaanza kukanyagika.

Wayo mmoja, vidole vitano vikaonekana bayana. Wa pili mbele yake. Halafu kumi, halafu mamia, kubwa kwa ndogo, zinazunguka uwanja zikijichora kwenye majani bila mwenyewe. Pumzi zilisikika, nyingi, za watu wanaokwenda mbio. Joto la jasho lilimpita usoni, upande huu na upande huu. Mahali fulani mtu alikohoa, na pale alipokohoa hapakuwa na kitu. Mbingu ilipoanza kung'aa, nyayo zilitoka uwanjani, zikaingia milangoni kwa mstari, na jozi moja ikapita kando ya Mwantumu ikiacha maji sakafuni mpaka miguuni pa kitanda cha Bi Sikudhani. Pale ikaisha. Bi Sikudhani akageuka, akajifuta kipaji ambacho kilikuwa kikavu, akasema, "Alhamdulillahi. Leo tumekimbia vizuri."

Mwantumu alikuwa amejibanza ukutani. Akauliza kilichopita ni nini.

"Ni mazoea yangu," alijibu Bi Sikudhani, kwa upole anaoutumia mtu kumweleza mgeni choo kilipo. Akamfafanulia. Sheria ya Umandeni inasema kila mtu aamke siku arobaini mfululizo, akimbie mwenyewe kwa mwili wake, kwenye njia ya nje waliyotengewa wanagenzi, kwa kuwa umande wa uwanjani haukanyagwi na mwili. Siku ya arobaini mazoea yamekomaa. Yakikomaa yanaweza kujiendea. "Sasa wewe uyafuate kufanya nini? Ukishamzoesha mtoto kwenda dukani, bado unamfuata nyuma?"

Ndani ya moyo wake, nisiwafiche, Mwantumu alifurahi. Huku ndiko alikokuwa anakutafuta maisha yake yote: mazoezi yafanyike, na yeye awe amelala.

Basi akaingia uanagenzi. Siku kumi za mwanzo alikwenda analia, kumi za pili alikwenda anatukana. Baada ya mbio kulikuwa na kazi. Wanagenzi, wengi wao wageni kama yeye, ndio watu pekee mjini wenye miguu inayosimama, kwa hiyo wao ndio wanaosukuma vitanda. Kutwa wanasukuma. Wanawapeleka watu sokoni, msibani, kwenye kesi. Aliuliza itakuwaje siku wageni wakiacha kuja. Akajibiwa kwamba swali hilo lilikwishapelekwa barazani, na baraza lililala juu yake miaka kumi na moja.

Barazani alifika mara nyingi akisukuma kitanda cha Bwana Feruzi, Mkuu wa Umande. Huyu alikuwa mzee mwembamba, ndevu zimechanwa, daima amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Ndiye aliyewafundisha watu wa nchi ile kulala. Hotuba zake zilianza kwa maneno yale yale, kwamba yeye hajaweka mguu chini miaka ishirini na hajakosa alfajiri hata moja, na watu waliitikia vitandani mwao kwa kupiga mbao. Wajumbe wote hulala chali, wakitazama dari, kwa kuwa kujiinua kutazamana usoni ni dalili ya mtu ambaye mazoea yake hayajamtosha. Wanagenzi waliosukuma hugeuzwa wakasimama wanatazama ukuta. Kwa hiyo katika baraza zima hakuna anayemwona mwenziwe.

Siku moja, Mwantumu akiwa na pua ukutani, lilisikilizwa shauri la mjane. Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa amekufa miaka saba iliyopita, na mazoea yake hayajaambiwa. Kila alfajiri yanatoka, yanakimbia, yanarudi, yanasimama penye kitanda ambacho hakina mtu, yanadondosha maji. Mjane akaiga kikohozi ambacho yanakohoa, akaomba yazuiwe, angalau Ijumaa. Wajumbe wakajadiliana mpaka adhuhuri. Wengine walisema maiti hana haki ya umande. Bwana Feruzi akauliza, kwa sauti ya huzuni, mtu ambaye hajakosa hata siku moja unapata wapi ujasiri wa kumwita marehemu. Hukumu ikatoka kwamba kaburi lihamishwe karibu na uwanja, ili mazoea yasichoke na safari. Mjane akashukuru. Alishukuru kwa sauti ndogo sana.

Siku ya ishirini na moja Mwantumu aliamka kabla ya mbiu. Siku ya thelathini kidole gumba kilimwasha. Alifikiri ni mdudu. Akachukua sindano, akajichoma taratibu, na uchungu ukampanda mpaka gotini, akalia kwa furaha kama mtu aliyepata barua ya mwanawe aliyepotea. Mguu ulikuwa umeamka.

Jioni ile ile alikuwa anamshonea Bi Sikudhani foronya, wamekaa wanapiga soga. Bi Sikudhani anasimulia jinsi ya kukaanga vitunguu vya pilau visiungue. Sindano ikamponyoka Mwantumu, ikaangukia wayo wa mwenyeji wake, ikasimama imeingia nusu. Mwantumu akangoja apige kelele. Bi Sikudhani alikuwa amefika kwenye mdalasini. Akapita kwenye hiliki. Damu haikutoka hata tone.

Mwantumu aliichomoa polepole, akauliza kwa mbali ni lini bibi alisimama mara ya mwisho.

"Sikumbuki," alisema Bi Sikudhani. "Lakini sijakosa."

Hapo ndipo akili zilipomrudia. Yale mazoea yakitoka hayatoki mikono mitupu. Yanachukua na miguu. Ile iliyobaki kitandani ni maganda. Na yeye alikuwa amebakiza siku kumi apewe miguu ile ile aliyoikimbia kwa daktari, tena safari hii yote miwili.

Akaenda langoni kuaga, akaambiwa mwanagenzi hatoki mpaka akomae. Akafikiri la pili: alale siku moja tu, hesabu ivunjike, aanze upya. Siku ya thelathini na tisa akajifunika shuka, akafumba macho, akajiambia leo haamki hata nchi ipasuke. Mbiu ilipolia alijikuta njiani, raba miguuni, kamba zimefungwa vizuri. Mtu ambaye Jumatatu mia moja zilimshinda kuamka, siku aliyotaka kulala usingizi ukamkana. Nasikia alisimama kwenye njia ya wanagenzi akajicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa yale ya furaha.

Siku ya arobaini ikafika. Sheria inamtaka mwanagenzi alale chali, mikono kifuani, na mwenyeji awe kando ashuhudie. Bi Sikudhani alisukumwa akawekwa karibu, akamwambia asiogope, ni kama kuvuliwa kiatu na mtu mwingine. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mapema na yeye ni raia mwema, akashikwa na usingizi.

Mbiu ikalia.

Mwantumu alihisi kitu kinaamka ndani ya miguu yake. Miguu ilikuwa imelala palepale, anaiona, na miguu ilikuwa inashuka kitandani, anaisikia. Godoro likanyanyuka kidogo, kama linavyonyanyuka mume anapoondoka kimya asikuamshe. Baridi ikaanza vidoleni, ikapanda kwenye vifundo. Sakafuni akaona wayo, wa kwake, anaujua, una kovu la chupa ya utotoni. Wa pili ukajichora karibu na mlango.

Alijirusha. Alianguka kwa magoti, akatambaa, akajishika mlangoni, kanga yake ya rangi ya ndimu mabegani, akainuka juu ya miguu asiyoihisi kama mtu anayetembea juu ya miguu ya meza. Nyayo zake zilikuwa zimekwisha ingia uwanjani. Akazifuata humo humo, katikati ya umande, mahali ambapo mwili haukuruhusiwa.

Anasema hakuna upweke kama kukimbia katikati ya umati usiokuwepo. Pumzi zilimzunguka shingoni. Bega la mtu asiyeonekana lilimgusa, likajivuta upesi, kama vile yeye ndiye mzuka. Watoto walipita kiunoni mwake, joto dogo dogo. Alisikia kile kikohozi, karibu kabisa, na mara hii akajua ni cha nani, kwa maana mjane alikuwa amekiiga barazani. Hakugeuka. Alikuwa anatazama wayo wenye kovu, anaukanyaga, unamtangulia, anaukanyaga, unamtangulia. Kwenye kona ya pili, penye magugu ya kishona nguo ambayo makarani wa uwanja, wanagenzi wenzake, hawajawahi kuyafyeka, mguu wake wa kushoto uliangukia sawasawa ndani ya alama ukiwa bado unajichora. Halafu wa kulia. Halafu zikawa nyayo za mtu mmoja. Maumivu yakamrudia miguuni yote kwa pamoja, ya miiba na ya baridi na ya uzee, akayapokea kama wageni wa harusi.

Na hapo hapo akagongana na mtu. Mtu kamili, mwenye mbavu, mwenye harufu ya karafuu, amevaa kanzu, amejifunga kitambaa usoni yamebaki macho. Wote wawili waliogopa kuliko walivyowaogopa wale wasioonekana. Yule mtu akapiga hatua mbili nyuma, akageuka, akapotea ndani ya ukungu kwa mbio za kijana, majani yakimchapa kanzu.

Saa tatu asubuhi wanagenzi walikuja kumkamata Mwantumu. Walimwomba radhi.

Baraza lilijaa. Vitanda vilipangwa safu sita, na juu ya vyote, kwenye kitanda kirefu kilichokaribia dari, alilala mwenyekiti, kikongwe aliyeitwa Mama Mwanahija, ambaye nyusi zake tu ndizo zilizoonekana kutoka chini. Mwantumu alisimamishwa katikati, na kwa kuwa ndiye mshitakiwa aliruhusiwa kutotazama ukuta. Shitaka lilikuwa kuukanyaga umande kwa mwili. Adhabu yake ni kufungwa mikanda kitandani siku saba, mpaka mazoea yatoke yenyewe bila kufuatwa. Mwantumu alipoisikia, vidole vya miguu vilijikunja ndani ya raba, vyote kumi, kila kimoja kikimwomba.

Mshitaki alikuwa Bwana Feruzi, na shahidi alikuwa yeye pia. Mama Mwanahija alikumbusha sheria: shahidi wa Umandeni sharti awe mtu aliyekuwa amelala kwake alfajiri hiyo, kwa kuwa neno la aliyesimama halina uzito; akionekana alikuwa nje, ushahidi wake umeanguka na kesi imekufa nao. Bwana Feruzi akasema anaijua, aliitunga yeye. Akaeleza kwamba asubuhi makarani walikuta nyayo zilizozama kuliko kawaida, na mtu mzito kiasi kile mjini ni huyu mgeni.

"Wageni wazito wako wengi," alisema Mama Mwanahija. "Nionyeshe kwamba ni huyu."

Pengine angenyamaza angeshinda. Lakini kushinda kwa nusu hakumtoshi mtu aliyezoea kupigiwa mbao. Akasema mgeni alikuwa amejitanda kanga ya rangi ya ndimu, mkono wa kulia ameshika pindo lake, akikimbia mdomo wazi kwenye kona ya pili.

Mtu mmoja safu ya nne alijaribu kujiinua kwa kiwiko, akashindwa.

"Feruzi mwanangu," alisema Mama Mwanahija, taratibu, "ulimwona ukiwa wapi?"

"Kitandani, Mama. Kuna dirisha."

"Kitanda chako kinatazama dari kama changu."

"Niligeuza shingo, Mama. Mwili ulikuwa umelala. Naapa mbele ya baraza, miaka ishirini sijaweka mguu chini."

Mbao zikapigwa, lakini chache, na hazikuwa pamoja. Mama Mwanahija akasema wao wote humo wamelala na hawaoni kitu; katika baraza lile zima kuna macho mawili tu yaliyosimama bila kutazama ukuta. "Wewe, mshonaji. Mwangalie shahidi utuambie unaona nini."

Mwantumu akamgeukia Bwana Feruzi. Mtu mwingine angeanza na uso. Mshonaji huanza na pindo. Shuka lilikuwa limemfunika mzee mpaka kidevuni, limekunjwa vizuri huku juu, lakini huku chini aliyemtandikia alikuwa na haraka, na kanzu ilichungulia kiasi cha shubiri moja. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa na mistari ya kijani ya majani yaliyopondeka, na kuanzia pindoni kwenda juu ilikuwa imejaa mbegu nyeusi za kishona nguo, zimeng'ang'ania kitambaa kwa safu, mbichi.

Akalieleza baraza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayepokea nguo ya kurekebisha. Alitaja maji. Alitaja majani. Alipotaja kishona nguo, vitanda vyote vililia kwa pamoja, maana watu walikuwa wanajaribu kukaa.

Bwana Feruzi alivuta miguu ndani ya shuka, upesi, kwa nguvu, magoti yakasimama kama hema mbili.

"Hizo," alisema, "ni za jana."